Mvua ya Guku

Wasifu ulisomwa dakika tatu, chini ya turubai la kukodi:
marehemu Luhende Budeba, alizaliwa mwaka wa nzige,
alikuwa askari wa Keya, akarudi, akalima,
ameacha watoto tisa, wajukuu... hapo msomaji akakohoa,
hesabu ikampotea, akakunja karatasi.

Hakuna aliyesema habari ya mvua.

Basi nitasema mimi.
Kayenze nzima ikishangilia tone la kwanza,
akina mama wakitoa masufuria uani,
sisi watoto uchi, midomo wazi,
Guku aliingia ndani akavaa viatu,
akakaa kitandani, mikono magotini,
kama mtu anayengoja kuitwa jina.
"Ya huku inanyesha," aliniambia siku moja.
"Ya Bama haikunyesha. Ilikaa.
Ilikaa nasi kama mkwe asiyeaga."
Halafu, muda wa chai kuchemka,
alivua viatu, akachukua jembe, akatoka,
maana mbegu haingoji mtu apone.

Pamba yake ilisimama gwaride:
kamba ya katani, kigingi hadi kigingi,
na mche ukijitokeza nje ya mstari,
"Wewe! Rudi nyuma!"
Mche haukurudi.
Jembe lilipofika pale, liliuruka.

Jeshi lilimpa koti, nauli na medali.
Koti lililiwa na mchwa,
nauli ilinunua mtamba mmoja,
medali alimfunga ndama shingoni
kwa kuwa kengele haikupatikana.

Mwaka ule mizani ya chama ilipokuwa ikiiba
hakupiga kelele. Alisogeza gunia lake,
akapanda yeye juu ya mizani: "Soma."
Karani akasoma.
"Jana zahanati nilikuwa kilo sitini na tatu.
Nimekondea wapi, mwanangu, usiku mmoja?"

Mbegu alipimia kopo la jeshi
lenye namba iliyochorwa kwa msumari,
wala haikuwa namba yake.
Ilikuwa ya Mazigo, kijana wa Ukerewe,
aliyejua kuogelea tangu hajaota meno,
akafa katika mto usiomfika kifuani.
Guku aliporudi, kabla ya kufika kwao,
alivuka maji kumpelekea mama mtu.
Mama akalishika kopo, akalinusa ndani,
akamrudishia.
"Kaa nalo. Kopo halizikwi."
Kila mavuno gunia moja la michembe
lilipanda mtumbwi kwenda kwa yule mama,
hadi mwaka liliporudi halijafunguliwa.

Haya hayakuwa kwenye karatasi.

Macho yalipokwisha, alilijua shamba kwa nyayo:
hapa kichanga, hapa udongo wa mbuga,
hapa mmeruka mstari, nani amepanda hapa?
Nilikuwa mimi. Nilinyamaza.
Alijua.

Tulipomshusha, wingu lilitoka ziwani
likipanda majabali mbiombio,
watu wakakimbilia turubai, shehena ya viti ikapinduka,
na mimi nimesimama na koleo mkononi
nikikumbuka, sasa, wakati umepita,
kwamba hatukumvika viatu.

Ikanyesha. Haikukaa.
Baba mdogo alijifuta uso kwa kofia, akaniuliza,
sauti ya chini, kama anayeona haya,
kama mbegu ya pamba imeshaletwa.
Nikaingia ndani kutafuta kopo.