Binti Mgema Amimina

Kifuani nimebandikwa kibao: MBEYU.
Kitambaa cheupe kimelala kwenye kiwiko
kama mtoto mchanga asiye wangu.
Meza ya pembeni, wakili Riungu na mkewe, wageni wa Nairobi,
wameshinda kesi ya shamba iliyodumu miaka tisa.
Sahani saba, glasi saba.
Sinyora Loredana amenikanya: usijaze,
mvinyo si maji ya kunawa.

Sahani ya kwanza pana kama ungo
na katikati chakula sawa na hirizi:
jodari mbichi, mwembamba hata ua la sahani unaliona chini yake,
tone la ndimu, na jani moja
ambalo kwetu hung'olewa pamoja na magugu.
Mke wa wakili alicheka, akafunika mdomo.
Nami nikasema niliyofunzwa:
"Huu mweupe ni wa vilimani.
Unanukia tufaha bichi na jiwe lililolowa."
Tufaha nalijua la sokoni, lenye kibandiko.
Jiwe lililolowa nalijua zaidi.
Ndilo baba hunolea kotama.

Baba, mgema wa Kakoneni,
kila alfajiri huparamia mnazi kwa vidato alivyochonga mwenyewe,
akalikata karara ncha, unene wa ukucha, usizidi,
kisha akasikiliza tone la kwanza.
Hakuniambia kamwe linanukia nini.
Aliniambia, "Onja, halafu nyamaza."

Ya pili, kaa ndani ya ganda la yai.
Ya tatu, supu ya chaza: vijiko vitatu, nilihesabu.
Ya nne pweza, na mwekundu uliopozwa kidogo.
Wakili akauzungusha mpaka ukapanda kuta za glasi,
akauliza mwaka.
Nikamtajia. Akatikisa kichwa kama aliyepokea ushahidi.
Mwaka ule mimi naukumbuka kwa njia nyingine:
chifu alikuja na askari wawili,
wakamwaga madumu sita mlangoni petu,
kuku wakanywa, wakayumba, sisi watoto tukacheka
mpaka tulipomwona baba na pingu.
Faini ilikula mbuzi wawili.
Humu ndani leseni imetiwa fremu, kando ya friji,
na mhuri umeng'arishwa kwa kioo.

Ya tano siikumbuki. Palikuwa na povu.

Ya sita: kamba wa mkaani, tui zito, pilipili iliyochomwa.
Kahindi, mpishi, akanikonyeza;
njama tuliila tangu Jumanne.
Sinyora yuko nyuma, anagombana na mtu wa barafu.
Nikaleta jagi lililofunikwa,
nikamimina kitu cheupe, chenye ukungu,
viputo vyake bado vina haraka.
Mke wa wakili akaonja.
Akanyamaza.
Akaonja tena.
Mumewe akainua glasi kwenye taa:
"Unatoka wapi huu?"
"Kakoneni, bwana."
"Mwaka gani?"
"Leo. Saa kumi na mbili asubuhi.
Ukingoja mpaka kesho kutwa, ni siki."

Akacheka. Akausifu. Akausifu tena,
nami nikaziogopa sifa zake,
maana ile methali tumebebeshwa sisi peke yetu.
Hakuna aulizaye wenye chupa
wakisifiwa hutia nini.

Ya saba, embe kwa chumvi,
na mvinyo mtamu kama dawa ya kikohozi.
Bili ilikuja kwenye kisanduku cha mbao.
Sikuiangalia.
Niliiangalia.

Alfajiri nikampigia baba.
"Walikula nini?"
"Vidogo vidogo saba."
"Wakashiba?"
"Sijui. Walikaa saa tatu."
"Na langu?"
Nikanyamaza.
Akaelewa, naye akanyamaza,
na nyuma ya kimya chake nikasikia kotama
ikipita juu ya jiwe, ikirudi, ikipita.