Taja Ulichokata

Duka la fundi Barore halina kibao.
Limebanwa kati ya kinyozi na duka la dawa,
na kengele yake ilikufa zamani: ukiingia, unakohoa.

Nilikuja na pesa kwenye bahasha, kidole kimefungwa plasta,
na maneno niliyoyakariri kona baada ya kona
kupanda milima hii ya Sardinia:
nataka kisu cha kukunja, cha mfukoni,
cha kushinda nacho malishoni na kurudi nacho.

Hakunijibu. Alitandaza kitambaa cha kijani
akapanga visu saba, vimelala ubavu, vimefumba midomo.

Cha kwanza mpini wake pembe ya kondoo dume,
nyeusi yenye mishipa ya asali, iliyonyooshwa kwa moto.
Nikakifungua. Bapa likatoka kama jani la mhadasi.
Kizuri. Kizuri hata kinatia hofu.
Kisu cha namna hiyo utakifungia kabatini
na mfukoni utabeba majuto.

Cha pili kizito; kingenitoboa suruali kabla ya Pasaka.
Cha tatu kilitaka mikono miwili kukifungua,
nami mkono mmoja daima umeshika kondoo.
Cha nne kilikuwa na komeo, ukikifungua kinalia tak,
mlio wa mlango wa benki; mwanakondoo angeruka.
Cha tano sikukigusa.
Cha sita kilikwisha chongwa jina la mtu.

“Chuma chake?” nikauliza, nisionekane mgeni wa mambo.

“Cha kaboni kitapata kutu. Utakipangusa kila jioni,
utakipaka mafuta ya zeituni, ukikisahau kitanuna.
Cha pua hakinuni, lakini siku kikipoteza makali
utakinoa hadi usiku huku ukikitukana.
Chagua ugomvi unaouweza.”

Kisha, bila kuinua macho:
“Taja ulichokata mwezi huu.”

Nikataja. Kamba za marobota ya majani makavu,
sijui ngapi. Mkate. Ganda la jibini.
Mwiba kwenye unyayo wa mbwa wangu, Brundu,
aliyeniuma kwanza, akaniomba radhi baadaye.
Mfuko wa chumvi. Uyoga, mwingi, baada ya ile mvua.
Tufaha, nusu yangu, nusu ya Brundu.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Katika orodha yangu hamkuwa na nyama.

“Kwa kisu kipi?”

Nikakitoa cha baba. Kinoo kimelila bapa
miaka arobaini, limebaki jembamba kama utepe;
bawaba imelegea, kinajifunga kitakapo.
Barore alikitikisa sikioni, kama mtu apimaye yai,
akatazama plasta yangu.
“Na hiki kidole?”

Sikumwambia. Ulikuwa ule ukanda wa plastiki
wa hospitali ya Sassari, wenye jina, Antioco, na namba,
mkononi mwake bado, shati jeupe likisubiri kitini.
Shangazi alisema uvute tu. Sikutaka kuvuta.
Nilipitisha kisu chake chini ya ukanda, taratibu,
ukakatika, na kisu kikajifunga juu ya kidole changu.

“Kazi ya nyumbani,” nikasema.
Barore akakifunga kisu cha baba, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nikachukua cha saba.
Mpini wa mti wa mzeituni, hauna nakshi,
bapa la kaboni, fupi kuliko kiganja changu.
Kilifunguka kwa kidole gumba kimoja, kizima.

Nikalipa. Akanirudishia chenji, na sarafu moja zaidi.
“Hii itunze. Siku utakapompa mtu kisu hiki
mdai sarafu kama hii, kisije kikakata undugu.”
Sina mtoto. Niliitia mfukoni hata hivyo.

Jioni, zizini, robota la kwanza:
mkono ulijua njia, ukaingia mfuko wa kulia,
na kidole gumba kikapapasa mpini mpya
kikiutafuta ule ufa wa zamani, upande wa chini,
mahali kilipozoea kutulia.

Kondoo walikuwa wanalia. Nikakata kamba.