Wa Kumi na Nne

Simu nimeiegemeza kwenye birika la chai.
Ndani yake wazee wanne wa Chwele wamebanana,
shemeji Lusweti mbele, kofia upande,
sauti inakatika, inarudi:
"...kumi na tatu, mama Nelima.
Hatuuzi mtoto, lakini hatumtupi."

Huku ni Castle Douglas, Jumapili, mvua ya ukaidi.
Nimetoka zamu ya usiku, kuwageuza wazee wa watu vitandani,
soksi za kazi ningali nazo.
Ng'ambo ya meza, Ruaridh, mkwe mtarajiwa,
na babake, Mzee McKie,
aliyeacha viatu vya mpira mlangoni bila kuambiwa,
viganja kama magome, mkimya kama mtu wa kwetu.

Nelima anatafsiri.
Jana alinifokea: "Mama, mimi si gunia la mahindi!"
Leo kajifunga kitenge, kaketi wima,
na nikimtazama kwa pembe ya jicho
namwona naye anahesabu kwa vidole, chini ya meza.

Lusweti anasema ng'ombe siku hizi ni neno tu.
Neno moja, elfu hamsini. Litumwe kwa simu.
Senge asisahaulike, wala khocha,
na koti la mzee, na blanketi,
na faini ya kuchelewa
(saa zao na zetu zimepishana, nani alaumiwe?).

Hapo Mzee McKie akanyosha kidole, kama mtoto darasani.
Akauliza:
"Hao ng'ombe ni wa rangi gani?"

Kimya.
Nilidhani mtandao umekwenda
mpaka nikaona jicho la Lusweti linapepesa.

Kwa baba yangu, Misikhu, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza.
Wangu niliwajua:
yule wa pembe iliyopinda,
mwekundu mwenye nyota,
mweusi aliyekanyaga ndoo siku ileile alipofika.
Walikuja sita.
Saba wakabaki mdomoni mwa Makokha,
kesho, mavuno yajayo, wallahi mwaka huu,
hata akafa nao.

Kukopa harusi, kulipa matanga:
watu husema wakicheka.
Mimi nililisikia limesimama mlangoni na kamba mkononi,
ndugu zangu wa tumbo moja,
na jeneza likingoja juani.
Wawili nikawakopa kwenye chama.
Watano nimewalipa hapa,
shuka kwa shuka, usiku kwa usiku.
Mahari yangu nimejitolea mwenyewe
na risiti sina.

Haya sikumwambia Nelima atafsiri.

Walikubaliana, baada ya chai ya tatu:
fedha ya ng'ombe wanane sasa, watano polepole.
(Polepole! Nikauma ulimi.)
Lusweti akaaga kwa maombi marefu,
kifurushi kikaisha katikati ya amina.

Mzee McKie akavaa viatu vyake, akaniashiria.
Nyuma ya ghala, ukungu,
na ndani ya ukungu ng'ombe weusi
kila mmoja kafungwa mshipi mweupe tumboni
kama mjane anayekwenda shamba.
Akawataja mmoja mmoja, mama na binti, mama na binti,
nusu sikuelewa, nusu ilikuwa sauti ya baba.
Akasimama kwa mtamba mmoja, kibandiko cha manjano sikioni.
"Siwezi kumpandisha ndege," akasema.
"Lakini huyu si wa kwenye simu.
Huyu ni wako."

Wangu. Si wa shemeji, si wa kaka.
Nikamwita Nasambu, jina la mama,
naye akanitazama, akitafuna, hana habari.

Chwele hawajui. Wakijua watauliza maziwa.
Jamii hii haikamuliwi, nimeelezwa;
lakini mkono una mazoea yake,
ukateremka wenyewe kutafuta kiwele,
nikala teke la paja
ambalo hadi leo, nikipanda ngazi za kazini,
nalisikia.