Alama ya Vyema

Zamu yangu huanza saa nne usiku,
mvua ya Lugo ikigonga paa la mawe meusi.
Ghorofa mbili, vitanda thelathini na kimoja,
na mimi.
Iria aliacha kazi mwezi wa pili.
Nafasi yake ilijazwa na karatasi mlangoni:
Anatafutwa mhudumu wa usiku.
Karatasi haiwezi kumwinua mtu.

Chumba cha kumi na saba analala Bi Eudosia.
Miaka thelathini na minne alikaa mbele ya ubao wa simu,
akichomeka waya, akichomoa waya,
akimuunganisha mume aliyeko Buenos Aires
na mke aliyetoka zizini mbio, mikono ingali na maziwa.
Usiku wa kwanza alinishikia swichi ya kengele,
akanifunza kama anayekabidhi ofisi:
"Mlio wa tatu ni subira.
Wa nne ni hofu.
Ukifika wa saba usikimbie tena, binti,
anayeita keshajijibu mwenyewe."

Agizo lake liko juu ya kitanda:
ageuzwe kila baada ya saa mbili.
Ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia.
"Nigeuze," hunitania, "nisije nikaungua upande mmoja
kama sadini wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana."
Ni mwepesi. Mifupa na shali.

Usiku ule, saa nane kasorobo,
Bwana Celso alianguka bafuni, ghorofa ya juu.
Nilimkuta ameegemea beseni, nyusi imepasuka,
ananiomba radhi kwa damu iliyochafua sakafu.
Nikabana kitambaa. Nikapiga simu. Nikangoja gari
dakika hamsini, kichwa chake mapajani mwangu.
Na chini, kumi na saba, kengele.
Tatu.
Nne.
Nilihesabu hadi saba,
kisha kukawa kimya, na kimya kile
(niseme kweli)
kilinipumzisha.

Alfajiri nikakaa na fomu.
Saa nne, vyema. Saa sita, vyema.
Saa nane, vyema. Saa kumi, vyema.
Vyema vinne vimeinama upande mmoja
kama watu waliokwisha kupatana.
Mkono haukutetemeka.
Hilo ndilo huniamsha mchana.

Na usiku ule haukuwa wa mwisho. Kalamu ikishajua njia,
haihitaji tena mtu kuanguka.

Alhamisi akaja mkaguzi kutoka Santiago, viatu vimelowa.
Alifungua majalada, hakufunua shuka.
"Kumbukumbu zenu ni safi," alisema,
na Bwana Baltar, mkurugenzi, akaagiza keki ya lozi.
Mimi pia nilikula kipande.

Jumapili Sabela alikuja kumwogesha mama yake mwenyewe.
Akaniita, bila kupaza sauti.
Pale chini ya kiuno, juu ya mfupa,
kidonda upana wa sarafu ya yuro mbili,
kingo zake zambarau, katikati pamelowa.
"Tangu lini?"
Daftari lilijibu: hakuna siku.
Mficha maradhi, kilio humuumbua;
na aliyeficha ya mwenzake, je?

Nikaomba kalamu nyekundu.
Kando ya kila vyema cha uongo nilichokumbuka
nikaandika: Sikufika. Nilikuwa peke yangu.
Dorinda Veiga Pazos. Jina lote.
Bwana Baltar alisema nitawafungia milango.
Huenda. Barua imeshakwenda Santiago,
safari hii pamoja na picha.

Jioni, muuguzi akimfunga bendeji,
Bi Eudosia alinitazama kwa jicho moja juu ya mto.
"Celso yu hai?"
"Yu hai."
"Basi usiku ule kengele yangu ilistahili kungoja."
Akavuta pumzi, dawa ilikuwa ikimchoma.
"Usiku ule tu. Hizo nyingine unanidai vipi?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Leo wameniletea mtu wa kibarua kutoka Ourense.
Hajui majina, lakini ana mikono miwili.
Saa nane hii. Mvua.
Kumi na saba inalia.
Moja.
Niko ngazini.
Mbili.