Komeo

Jumamosi, Bahati, baridi ya Menengai imo ndani ya soksi.
Matroni Chesire akatua sufuria mezani:
"Mahindi ni ndiyo. Haragwe ni hapana."
Tukatazamana.
Miaka minane nimeishi hapa,
sijawahi kuulizwa ila jina,
na kama nimekojoa kitandani.

Jerotich akasimama, kidevu kikimcheza:
"Mlango wa bafu. Tunataka komeo. La ndani."
"Na mtu akianguka?"
"Atapiga kelele. Kelele tunazijua."

Mabati yakaalika, jua likipanda.
Tukapita mmoja mmoja, tumefumba ngumi.
Leteipa, wa miaka mitano, aliimeza kura yake,
akalia mpaka akapewa nyingine.

Ishirini na tisa kwa sita.
Haragwe moja lilikuwa la matroni; hakuficha mkono.
Usiku tukala githeri
na sikujua natafuna kura ya nani.

Fundi alikuja Jumanne.
Siku ile sikuoga. Niliingia na ndoo tupu,
nikafunga, nikafungua,
nikafunga.
Nje mtu akabisha.
Akabisha!
Nikasema: subiri.