Kiroba cha Michembe

Saa nane usiku, Mabatini, nimesimama jikoni
natafuna michembe mikavu, sijaichemsha.
Tumbo limeshiba tangu jioni: ugali, furu wawili,
na wa tatu niliyemnyima paka.
Sasa ni nini kinachodai?

Mchana, msibani, sikulia.
Niligawa sahani, nikahesabu vijiko,
shangazi Nkwimba akanisifu: "Mtoto ana moyo huyu!"
Moyo gani? Ulishuka, ukajificha chini ya mbavu,
ukajifunza kusema "njaa".

Kiroba hiki alikishona mama kwa uzi wa wavu.
Nikikimaliza, nitakuwa nimemaliza nini?

Nafunga.
Nafungua.
Kipande kimoja nakiweka shavuni, sikitafuni,
hadi kinalainika kwa chumvi
ambayo sikuitia.