Hesabu Imezidi

Miaka thelathini na mmoja nimehesabu watu.
Asubuhi wakifunguliwa, jioni wakifungwa,
wamechuchumaa watano watano,
mimi na kalamu, nyampara na sauti yake,
mpaka mkuu wa zamu aitikie: imetimia.
Ndipo kufuli. Ndipo mimi nyumbani, Ukonga Mazizini,
nikale ugali nisiouhesabu.

Babu alisema Mjerumani hakuhitaji kitabu:
mnyororo mmoja, shingo nane,
hamsa ishirini kwa aliyechelewa kuinuka.
Ukitaka idadi, unavuta mnyororo.
Mwingereza akaleta safu: jina, kabila, kimo,
kovu, dini, vitu alivyokutwa navyo.
Safu hizo nazijua kama vidole vyangu.
Uhuru ulipokuja walibandika ngao juu ya taji,
lakini gundi ilikuwa hafifu,
na kila masika taji lilichungulia.
Tukaambiwa: siku hizi hatuadhibu, tunarekebisha.
Nikachora safu moja zaidi: seremala, mshoni, mkulima.
Meza ngapi za maofisa mjini
zimepigwa randa na watu
wanaopekuliwa misumari kila jioni!

Na mahabusu, hao ndio wengi.
Karandinga huwapeleka Kisutu,
huwarudisha alasiri na maneno yaleyale:
upelelezi haujakamilika.
Chumba cha watu arobaini hulaza mia na kumi,
wanalala mchongoma, kichwa kwa miguu,
wote ubavu mmoja. Saa nane za usiku
nyampara husema, Geuka!
na sakafu nzima inageuka.

Pungufu nimeizoea. Pungufu ina king'ora,
ina mbwa, ina barua ya kujieleza.
Lakini Alhamisi moja hesabu ilizidi.
Mmoja.
Tukarudia. Mmoja.
Afande Nchunga akavua kofia, akaitazama ndani
kana kwamba aliyezidi kajibanza humo.

Alikuwa Kondo Mwinshehe, wa Keko Machungwa.
Kesi yake ilifutwa miezi kumi na tisa nyuma.
Siku ile alikuwa na homa, hakupanda karandinga;
jina lake likaitwa mahakamani, likaachiwa,
likaenda zake mjini. Mwili ukabaki kwetu.
Na hesabu ikawa inatimia,
kwa sababu wiki ileile mtu mmoja alifia hospitalini
na sisi hatukumkata.
Miezi kumi na tisa Kondo amekula sahani ya marehemu.
Alhamisi hiyo mchana nilimkata marehemu.
Jioni, huyo Kondo.

Nikasema, basi atoke.
Nchunga akasema, utamtoaje mtu ambaye hayumo?
Ikabidi nimwingize.
Umeme ulikuwa umekatika. Kwa taa ya chemli
nikampima kimo, nikaandika kovu la kiwiko,
vitu alivyokutwa navyo: hakuna.
Tarehe ya kuingia, kitabu kinauliza.
Nikamtazama. Akasema,
"Andika leo. Leo ndiyo mmeniona."
Nikaandika. Mstari wa chini yake nikamtoa,
wino wa juu haujakauka.

Mwaka jana alipiga hodi kwangu, benchi begani,
la mninga, miguu imekaa sawa hata kwenye sakafu yangu mbovu.
Sikujua ni malipo ya nini, wala sikuuliza.
Tulikunywa kahawa. Akaniambia
ana kitanda cha sita kwa sita, godoro jipya,
ila yeye hulala ukingoni kabisa, ubavu wa kulia,
anasubiri.

"Mke wangu amejifunza," alisema.
"Saa nane huamka, husema geuka,
halafu analala tena."